Mgomba wa Adèle

Katika avenue nzima, pale Mangobo, mtaa wa Kisangani, Félicité aliwahesabu watu wawili tu kuwa ni watu: yeye mwenyewe na marehemu mumewe Pierre, na huyo Pierre, tukisema ukweli, alianza kuhesabiwa baada ya kuzikwa. Waliobaki walikuwa wanajaza nafasi. Majirani wa kulia walikuwa wapika lotoko, pombe kali inayomfanya mtu mzima azungumze na mbuzi. Wa kushoto walikausha nyama ya nyani juu ya uzio, mikono ikining'inia. Wa ng'ambo ya barabara walikuwa na watoto wengi kuliko sahani. Félicité aliwapita wote akienda misa, shingo imenyooka, akiitikia salamu zao kwa ncha ya kidevu.

Shingo hiyo aliipata foyer social. Zamani, mji ukiitwa bado Stanleyville, wake wa makarani walikusanywa huko na mabibi wa Kizungu wakafundishwa kufuma vitambaa kwa krosheti, kutarizi, kupika jamu ya mapapai na kuweka uma upande wa kushoto wa sahani. Wenzake walijifunza, wakashukuru, wakaenda zao kuishi. Félicité hakwenda popote. Nchi ikapata uhuru, ikapigana, ikabadilishwa jina ikawa Zaire, watu wakaamriwa kuyatupa majina ya ubatizo na kuitana citoyen na citoyenne, na muda wote huo yeye alikuwa bado anapanga uma.

Ndani ya nyumba yake kila kilichoweza kuvikwa kilivikwa. Viti vilikuwa na vitambaa vya mgongo na vya mikono, redio iliyokufa ilikuwa na shela, mtungi wa maji ulikuwa na kofia yenye shanga pembeni, na chupa ya mawese ilivaa sketi. Watoto wa ng'ambo walipochungulia dirishani walijua kwamba katika nyumba hii chupa ina nguo nzuri kuliko wao. Mbele kulikuwa na bustani, na kwa Félicité bustani maana yake ilikuwa maua. Kupanda kitu cha kuliwa mahali panapoonekana aliona ni sawa na kuanika nguo za ndani barabarani. Alikuwa na mawaridi matatu yaliyokondeana, yasiyopenda joto la Kisangani wala kulizoea, na aliyamwagilia asubuhi na jioni kwa maji ambayo mtu mwingine alikuwa ameyabeba kichwani.

Alipenda pia kukumbusha kwamba wazazi wake walitoka Kasongo, huko Maniema, watu wa Kiswahili na wali, si kama hawa wa mto wanaonuka samaki hadi kanisani. Hakukumbusha kwamba baba yake alisukuma kitoroli bandarini mpaka mgongo ukapinda. Maskini akipata matako hulia mbwata; na Félicité hata hayo matako alikuwa ameazima kwa Pierre.

Sasa, mtoto wake pekee, Faustin, alikuwa mtu mpole, mpole hadi mama yake aliona haya. Kazi yake ilikuwa kupima mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Bangboka. Félicité aliwaambia watu kwamba mwanawe yuko kwenye ndege, akanyamaza hapo, waamini wanachotaka. Mshahara wa Faustin ulikuja serikali ilipokumbuka, na serikali ilikuwa na mambo mengi ya kukumbuka, nyimbo zake na ngoma zake. Huyo Faustin, kati ya wasichana wote waliojaa mjini, akaenda kumleta Colette, binti wa wavuvi wa Yanonge, watu wanaokwenda na kurudi na pirogue, mitumbwi yao, wakiuza samaki wa moshi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Colette hakungoja apewe. Alilitafuta mwenyewe nyuma ya jiko, akafyeka uani palipokuwa pori la nyasi na makopo, akapiga matuta, akapanda mboga: bitekuteku, matembele, ngai-ngai na biringanya. Jioni aliketi kwenye mkeka akasuka vitunga, miguu amenyoosha mbele, akiimba kwa lugha ya kwao kwa sauti ya chini. Félicité alimtazama kupitia pazia kama anavyotazamwa mtu aliyeingia chumbani na viatu vya matope. Vitunga, alisema, ni kazi ya watu wasiojua sindano. Mboga, alisema, ni chakula cha mbuzi. Kisha saa ya kula ilipofika alikula hiyo mboga yote, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani kwamba leo wamenunua vizuri marché central. Hakuna aliyenunua kitu marché central kwa miezi kadhaa, na jirani alijua.

Colette hakujibu. Kunyamaza kwake kulimchukiza Félicité kuliko matusi, kwa sababu mtu anayetukana unajua unamshinda wapi.

Mwaka wa pili akazaliwa Adèle. Na hapa sharti desturi moja ielezwe, maana ndiyo iliyoleta yote. Kwao Colette, kitovu cha mtoto kinapoanguka hufukiwa uani kwa baba yake, na juu yake hupandwa mgomba wa makemba. Kisha bibi mzaa baba huvua viatu, huukanyaga udongo ule kwa miguu mitupu mbele ya watu, na kwa kufanya hivyo nyumba imesema: huyu ni wetu. Hakuna hotuba wala karamu, na wala haigharimu chochote ila kunawa miguu baadaye.

Mama yake Colette, Mama Georgette, alikuja na pirogue, chipukizi la mgomba limefungwa kwenye majani yenye unyevunyevu, na pamoja naye kaka yake, tonton Évariste, mzee mwembamba anayezungumza kana kwamba maneno yananunuliwa. Wakachimba shimo katikati ya uani. Wakaita. Félicité akatuma jibu kwamba kichwa kinamuuma. Wakangoja. Akatuma jibu la pili, bila kichwa sasa, kwamba wao wafanye ushenzi wao, yeye ni Mkristo, haoni kitu. Akavuta pazia. Wale nao walikuwa Wakristo, na Mama Georgette alikuwa na rozari shingoni, lakini alimezea. Aliukanyaga udongo mwenyewe kwa niaba ya mwenzake, Faustin akakanyaga baada yake, mambo yakapita. Wakwe husameheana mengi mwanzoni, kwa sababu safari bado ni ndefu.

Mtu angedhani basi Félicité hakumtaka mtoto. Hapo ndipo penye ajabu. Alimpenda Adèle kwa moyo wote, moyo ambao hakuna aliyejua kama anao. Katika nyumba nzima mtoto huyo pekee ndiye ambaye yeye Félicité alimgusa bila kujifuta mikono. Alimfumia kofia, soksi na sweta ndogo za sufu, na mtoto akatembezwa katika joto la mchana akitokwa jasho kama mwenye homa, mpaka Colette alipomvua kimya kimya nyuma ya jiko. Félicité alimfundisha kusema grand-mère. Adèle akasema Koko, kama wanavyosema watoto wote wa mtaa, hata wale wa wala nyani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Félicité alikosewa adabu akacheka. Usiku alimlaza kando yake, akasikiliza anavyopumua, na ikiwa kuna sala yoyote aliyosali bila kujisikiliza mwenyewe, ilikuwa hapo.

Mgomba nao ulikua. Adèle alipoanza kusimama kwa kushika viti, ulitoa mkungu wake wa kwanza, bado mchanga, ua lake zito la zambarau likining'inia. Colette aliuwekea mti wa kuuegemeza. Mkungu wa kwanza wa mgomba wa namna hiyo huliwa na pande zote mbili wakiwa wameketi pamoja, na Yanonge walikwisha kuanza kuulizia umefika wapi.

Siku hizo ndipo Hubert alipobisha hodi. Huyu alikuwa mwakilishi wa Chama katika mtaa, debe tupu kabisa. Jina la Hubert alikuwa amelitupa kwa amri na kujipa majina matatu ya mababu, marefu kiasi kwamba yeye mwenyewe alijikwaa kwenye la pili. Mama yake tu ndiye aliyeendelea kumwita Hubert, tena mbele za watu. Jumamosi za salongo, mtaa mzima ulipofagia barabara kwa lazima, yeye alisimamia wengine mikono nyuma, abacost yake, lile koti la watu wa Chama, imefungwa hadi kooni. Alikuja kutangaza kwamba ujumbe wa wakubwa utapita Jumamosi ijayo kuchagua makao ya mfano. Atakayechaguliwa, kazi zake za mikono zitapelekwa Makiso, katikati ya mji, kwenye maonyesho ya akina mama.

Hubert hakuja kwa Félicité kwa sababu ya upendo. Alikuja kwa sababu katika mtaa wake hapakuwa na nyumba nyingine yenye viti vya kukalisha wakubwa. Lakini alijua kumvika mtu kilemba cha ukoka. Alikishika kitambaa cha redio kwa vidole viwili, akatikisa kichwa, akasema ni huzuni kwamba hazina kama hii imejificha Mangobo. Kisha akapita uani, akauangalia mgomba, akasema kwamba bila ile ndizi ingekuwa bustani ya Ulaya.

Basi ikawa hivyo. Félicité hakulala. Aliwaona wake wa wakubwa wa Makiso wakikalia vitambaa vyake. Aliliona uani tuta la duara, maua mekundu katikati, ya manjano pembeni, na mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka. Tuta hilo lilikuwa na mahali pamoja tu pa kukaa, napo pamesimama mgomba.

Alimwambia Faustin aukate. Faustin akasema hapana. Alilisema polepole, akiangalia mikono yake, na mama yake akalichukua kama unavyochukuliwa upepo. Alimkumbusha kwamba parcelle, kiwanja chote, ni ya babake. Faustin akasema anajua. Akasema tena hapana, akapanda baiskeli akaenda kupima mizigo ya watu.

Colette alipompeleka mtoto zahanati kupimwa uzito, Félicité alimwita René. Huyu René alikuwa shemeji wa wapika lotoko, mtu mzima asiye na kazi wala haya, ambaye panga lake lilikuwa na makali kwa sababu hakulitumia. Alikuja, akauzunguka mgomba, akajikuna kisogo.

"Mama, hii ndizi iko ya mutoto," alisema. "Mutu hakataki ndizi ya mutoto."

Hata René. Mtu aliyekuwa amelala mtaroni wiki iliyopita na kuku amesimama juu yake alikuwa na mahali ambapo alisema hapa sifiki. Félicité alikasirika kufundishwa na mtu wa namna hiyo. Alimwambia kwamba yeye ndiye mwenye parcelle, na kwamba kuna chupa ya mvinyo wa misa iliyobaki tangu kilio cha Pierre. René alilifikiria jambo hilo kwa muda usiopungua heshima. Kisha akapiga. Mgomba hauna shina gumu la kukataa. Ulianguka kwa pigo la pili, mkungu ukapasuka chini, maji yake meupe yakatoka. Kisiki hakuking'oa, alisema kiuno kinamuuma. Félicité akakifunika kwa udongo na maua.

Colette alirudi na Adèle mgongoni. Alisimama mbele ya tuta la duara.

"Mama, nani alikata?"

"Ni mimi. Parcelle iko yangu."

"Na ulijua iko ya Adèle?"

"Najua ilikuwa ndizi. Mutoto yangu mimi ninamufumia nguo. Sikumupandaka kwa matope kama muhogo."

"Bon," alisema Colette.

Akaingia jikoni, akapika. Félicité alikuwa amejiandaa kwa kilio, hata alikuwa ameshachagua maneno ya kukijibu, na sasa maneno hayo yakamkaa mdomoni bila kazi. Alimsikia Faustin akirudi, akamsikia akiegesha baiskeli uani, akasubiri mlango upigwe teke. Haukupigwa. Kesho yake Colette alikwenda ufukweni kwa wauza samaki wa Yanonge kama kawaida, akarudi na samaki, mambo yakaendelea. Félicité alifikia uamuzi wake wa siku zote: watu wa mto wana maji kichwani, kila kitu kinapita. Aliwadharau zaidi kwa hilo. Kama wangekuwa watu, alijiambia, wangegomba.

Jumamosi ikafika. Uani pamefagiliwa hadi udongo unang'aa, mawe yamepakwa chokaa, viti vimetolewa nje vikiwa na nguo zao zote. Félicité alivaa viatu vyake vyeusi vya kisigino na pagne ya kitenge yenye picha ya Chama, akafungua lango mwenyewe ili wajumbe wasilazimike kubisha.

Walioingia walikuwa watu wa Yanonge.

Waliingia bila neno, Évariste mbele, Mama Georgette nyuma yake, na wanawake wengine wanne wa ukoo. Hawakutazama viti. Waliketi chini, juu ya udongo uliofagiliwa, kando ya tuta. Wanawake wakafungua vilemba vyao, wakavilaza magotini, wakaanza kulia. Si kilio cha kupiga kelele, ni kile cha chini, cha kupokezana, ambacho kila mtu Kisangani anakijua hata akikisikia usingizini. Kilikuwa kilio cha matanga.

Na matanga hayahitaji mwaliko. Wapika lotoko walisikia, wakaja na mkeka. Wale wala nyani wakaja na kuni. Mama wa ng'ambo alikuja na nusu ya watoto wake, akiomboleza tangu barabarani, maana hakujua ni nani lakini msiba ni msiba. Watu ambao Félicité hakuwahi kuwapa salamu kamili walijaza uani wake, wakalia kwa moyo mweupe. Alipita katikati yao akisema hakuna aliyekufa, inukeni, nendeni kwenu. Waliona huzuni imempanda kichwani. Mke wa mpika lotoko alimkumbatia, akamlilia begani, akamlowesha picha ya Chama.

Katika hali hiyo ndipo ujumbe ulipofika: wanaume wawili wa abacost na bibi mmoja wa Makiso, Hubert akitangulia na kinywa wazi. Hubert aliuangalia umati, akaangalia wakubwa wake, akajaribu kukumbuka kama kuna wimbo wa Chama wa kuimba msibani. Akauliza nani amekufa.

Évariste alisimama taratibu.

"Papa, hakuna mutu amekufa," alisema. "Mutoto wetu Adèle iko muzima. Ni kwa hii nyumba tu alikufa. Walimukata."

Akaonyesha tuta kwa mkono. Kilio kilikatika, na wote walielewa, hata watoto. Mke wa mpika lotoko alitoa mikono yake mabegani mwa Félicité na kurudi mkekani kwake. Bibi wa Makiso, ambaye kabla ya kuwa wa Makiso alikuwa ametoka mahali kama watu wote, aliacha kutabasamu.

Mzee hakuwa amemaliza. Alisema kwamba hawakuja kugombana. Kisiki cha mgomba bado ni kizima chini ya maua yale, mgomba haufi kwa panga, nao hawajaja kukifungia mlango kitu kizima. Wao wanaomba kidogo. Bokilo yao, yaani mkwe wao Félicité, aondoe maua, avue viatu, akanyage udongo ule mbele ya watu, kisha ajibu swali moja. Akijibu, watakunywa maji yake na kwenda zao, na hakuna atakayeusema mgomba tena, si huku wala Yanonge.

Colette alimshusha mtoto chini. Adèle, katika sweta yake ya sufu, alisimama akayumba, akamwona bibi yake, akanyoosha mikono.

"Koko," alisema.

"Bokilo," alisema Évariste, "huyu mutoto ni wa nani?"

Jibu lilikuwa pale. Lilikuwa limesimama kwa miguu miwili linayumba. Na isemwe wazi kwamba Félicité alilitaka. Mkono wake wa kulia ulikwisha kuinuka kidogo. Lakini alitazama chini, akaona viatu vyake. Alitazama juu, akaona abacost mbili, na bibi wa Makiso, na mtaa mzima wa watu aliowadharau wakisubiri kuona vidole vyake vya miguu kwenye matope. Alijua watamwonaje. Watamwona mmoja wao. Heri kufa, alifikiri, na kwa kuwa kufa hakukuwa karibu alichukua kilichokuwa karibu, ambacho ni ulimi.

"Mimi sijui," alisema, kwa sauti yake ya wageni, akimgeukia bibi wa Makiso ili washirikiane kicheko. "Muulize samaki ya kwenu."

Mmoja wa wale wanaume wa abacost alicheka. Alicheka peke yake, kidogo, kisha akajifanya anakohoa. Bibi wa Makiso aliangalia saa. Alisema na Hubert kwa Kifaransa kwamba bado kuna makao mengine ya kuona, donc waendelee, na wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyeyatazama maua.

"Basi umejibu," alisema Évariste.

Hakuna aliyemlilia tena Félicité, wala aliyemtukana. Walifanya kazi yao kama wanavyofanya watu waliozoea kufungasha kabla ya mvua. Mama Georgette aling'oa maua akayapanga upande mmoja, bila kuyavunja. Évariste alikichimba kisiki kwa jembe la Colette, akakitoa na udongo wake wote na kile kilichokuwa chini yake, akakiweka kwenye kitunga. Colette aliingia ndani, akatoka na furushi moja. Alikuwa amelifunga tangu lini, nani ajuaye. Pengine siku ile ile aliposema bon. Alimvua mtoto sweta kwa sababu jua lilikuwa kali, akaikunja, akaiweka juu ya kiti, akamfunga Adèle mgongoni. Mbele ya Félicité alipiga goti, kama inavyompasa mke wa mtu, akasema, "Ubakie muzuri, mama," na heshima hiyo ilikuwa kamili, haikupungua hata kidogo. Félicité aliitafuta dharau ndani ya maneno hayo asiipate. Angeipata angejua la kufanya.

Walipotoka, majirani nao walikunja mikeka yao. Wale wala nyani walibeba kuni zao wakarudi nazo, kwa kuwa si halali kuacha kuni pasipo na msiba wa mtu. Faustin ndiye aliyebaki mwisho. Alikuwa amesimama karibu na jiko muda wote, na sasa alichukua jembe lililosahauliwa, akalipangusa udongo, akalitia begani. Aliliendea lango bila haraka.

Félicité alikuwa bado anangoja mtu aseme kwamba yamekwisha. Kwa mbali alisikia Adèle akianza kulia kwenye kona ya avenue, kilio kile cha usingizi ambacho yeye peke yake ndiye aliyejua kukinyamazisha. Ndipo miguu yake ilipokimbia, na viatu vyake, na picha ya Chama iliyolowa. Alimkuta mwanawe langoni, akamshika shati.

"Faustin," alisema. "Wakwende, sawa. Lakini mutoto uniachie. Hata leo tu."

Faustin alimgeukia. Alikuwa mpole vile vile.

"Mutoto gani, mama?" aliuliza. "Si umesema haujui?"

Akautoa mkono wa mama yake kwenye shati, taratibu, kidole kimoja kimoja, akavuta lango na kuwafuata wenzake.